Uliza Mwalimu: Tabora hadi Oldupai, mwanamke mmoja na gari moja

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari miwili tu: kwamba nimetoka Tabora hadi Korongo la Oldupai na Ziwa Natron nikiendesha mwenyewe, nimepita jangwani, na kwamba Escudo langu bado linatema vumbi kila nikifungua mlango. Barua zilizokuja zingetosha kuwashia moto wa kuchoma mahindi. Nimechagua nne. Zile mbili zilizouliza kama nilikwenda kutafuta mchumba nimeziweka kando.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, likizo yangu ni Septemba. Nina IST. Nataka kwenda Oldupai na Natron peke yangu kama ulivyofanya. Kaka zangu wanasema nimechanganyikiwa. Gari litafika? Na nyayo za Laetoli nitaziona kwa macho yangu? — Msomaji wa Mwanga, Kigoma

Marahaba mwanangu, na mwakeye, salamu ya Kiha, kwa wote hapo nyumbani.

Kaka zako wamekosea nusu. IST litafika Karatu bila malalamiko. Kwako ongeza siku nzima ya kuja Tabora kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, na hali ya kipande cha Uvinza kaiulize stendi siku moja kabla, kwa madereva wa mabasi, siyo kwa kaka zako. Ukishafika kwetu, njia ni Nzega, Igunga, mbuga ya Wembere iliyolala kama mkeka, kisha unapanda Sekenke, unaingia Singida. Kutoka hapo Katesh chini ya Mlima Hanang, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu. Lami. Adui wako ni tochi za trafiki vijijini na usingizi wa saa nane mchana. Mimi nililala Katesh, na sikuona haya kufika Karatu siku ya pili nikiwa wa mwisho, nimepitwa na kila basi.

Nusu waliyopatia inaanza baada ya geti la Ngorongoro. Hapo lami inakwisha, barabara inakuwa ya mawe na vijituta vinavyogonganisha meno, na tumbo la IST liko chini mno. Liache Karatu, nyumba ya wageni utakayolala, ukachangie Landkruza na wasafiri wengine. Utaona ni kushindwa, siyo? Mimi ningekuwa na IST ningefanya hivyo hivyo. Escudo langu lina magurudumu manne yanayovuta, na hata hivyo kuna mahali lilinitoa jasho, nitakuambia.

Usisahau kitambulisho cha taifa. Ndicho kinachokufanya ulipe kiingilio kwa shilingi kama mwananchi, na gari linalipiwa peke yake. Geti pia si stendi: kabla ya saa kumi na mbili jioni uwe umeshatoka au unalala humo humo.

Sasa Oldupai yenyewe. Nimefundisha jiografia na kidogo historia kwa miaka 29. Kila mwaka niliandika ubaoni: “Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, liligunduliwa na Dk. Leakey mwaka 1959.” Wanafunzi wakanakili, wakafaulu. Kumbe tarehe 17 Julai mwaka huo Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alikuwa kambini amelala, ana homa. Aliyekuwa akitembea korongoni na mbwa wake ni mkewe, Mary, na ndiye aliyeona mfupa umechungulia mtelemkoni. Nikiwa nimesimama pale penye kibao cha ukumbusho nilijisikia kama mtu aliyewadai wanafunzi wake pesa kwa risiti ya uongo. Kama ulipita darasani kwangu, chukua kalamu, sahihisha.

Na kuna jambo lingine pale lililonichekesha hadi mwongozaji akaniuliza kama niko salama. Mahali lilipopatikana fuvu huitwa kwa herufi tatu, FLK. K ni neno letu wenyewe, korongo. F na L ni Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis. Kwa hiyo mke wa pili ndiye aliyepata jambo kubwa kuliko yote katika korongo lenye jina la mke wa kwanza. Wanyamwezi wenzangu, haya mambo hata kwetu yapo, ila sisi hatuyaandiki kwenye ramani.

Fuvu lenyewe lina umri wa miaka milioni 1.75. Usiende ukidhani utaliona pale. La asili linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ukingoni mwa korongo kuna makumbusho mazuri yenye nakala, na nje yake unasimama kwenye ukingo ukitazama chini. Kaa hapo. Watu wengi wanaotoka Serengeti hukaa nusu saa, wanapiga picha, wanakwenda. Mimi nilikaa hadi kivuli kikabadilika upande, na ndipo matabaka yakaanza kujitenga machoni: jeusi la mwamba chini kabisa, kijivu, jekundu, kisha hudhurungi juu. Hapo zamani palikuwa na ziwa, volkano za jirani zikimwaga majivu, majivu yakifunika mifupa na mawe yaliyochongwa. Baadaye mto ukakata yote kwenda chini kama kisu kwenye mkate. Leo mvua moja ikinyesha inaosha tabaka, na kitu ambacho hakijaona jua kwa miaka milioni kinalala wazi asubuhi.

Nyayo za Laetoli? Hapana, mwanangu, na ni vizuri ujue kabla hujawasha gari. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, mstari wa karibu mita 27. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ndogo ikayalowesha yakawa kama saruji mbichi, wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Mizizi ya miti na mvua vingeziharibu, kwa hiyo zilifukiwa tena kwa makusudi. Mwaka 2015 zikapatikana nyingine hapo jirani, katika kazi iliyohusisha Profesa Fidelis Masao wa kwetu. Utakachoona kwenye makumbusho ya Oldupai ni nakala. Niliinama nayo dakika nyingi. Kuna mkubwa, na mwingine kando yake, na anaonekana wa tatu aliyekanyaga ndani ya nyayo za mkubwa, kama mtoto anavyofanya akimfuata baba yake shambani wakati wa umande. Nakala ya plasta, na bado koo lilinikaza.

Nyayo za kweli utaziona kwingine, Engaresero, kusini mwa Ziwa Natron. Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, kwa sababu ndipo nilipopata adabu.

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero ni kama kilomita 120 kupitia Engaruka. Petroli jaza Mto wa Mbu na dumu la akiba ubebe. Njiani kuna vizuizi vya kulipia ushuru. Dai risiti kila kimoja, uzihifadhi kwenye bahasha moja. Ukipita Engaruka nchi inabadilika: nyasi zinakonda, udongo unakuwa majivu ya kijivu, migunga inabaki miiba mitupu, na mbele umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, kama kichuguu kilichochongwa na fundi. Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutema siku hizi uji wa madini ya soda na chokaa. Uji huo hutoka mweusi, moto wake ukiwa karibu nusu ya uji wa volkano nyingine, kisha unyevu wa hewa unaugeuza mweupe. Mara ya mwisho kulipuka kwa kishindo ilikuwa 2007 hadi 2008.

Nilikuwa nautazama mlima badala ya barabara. Mwiba wa mgunga ukaingia tairi la nyuma kushoto.

Nilikuwa nimebeba kila kitu. Matairi mawili ya akiba, lita 20 za maji ya kunywa na 10 za rejeta, feni beliti, kamba ya kuvutia, tochi, matobolwa ya wiki nzima (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa: hayaozi, hayamwagiki, hayaombi friji), asali, hata kigoda cha marehemu mama mkwe nipate pa kukaa. Nilichosahau ni kipande cha ubao. Jeki niliiweka chini, nikazungusha, na badala ya gari kupanda jeki ikazama kwenye majivu kama kijiko kwenye uji. Nikaomba radhi kwa marehemu, nikaweka kigoda chini ya jeki. Kigoda kikapasuka katikati.

Vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakichunga mbuzi walikuja, wakasimama kwa heshima, wakacheka kwa heshima pia. Mmoja akaenda akarudi na jiwe bapa, kubwa kama sinia. Jeki ikashika. Kisha nati zikakataa. Fundi mmoja mjini, ambaye simtaji, alizikaza kwa mashine mpaka zikawa ndoa ya kanisani. Kijana wa pili alipanda juu ya spana akaruka mara tatu ndipo ya kwanza ikalia. Tulitumia saa mbili kasoro. Nikawapa maji na asali. Walikataa matobolwa baada ya kuonja, sijui kwa nini, nadhani walidhani ni ngozi.

Kwa hiyo, mwanangu: kabla hujaondoka Kigoma, fungua nati zote nne za kila tairi kwa spana yako na kwa mikono yako, kisha uzikaze mwenyewe. Usipoweza kuzifungua uani kwenu hutaziweza majivuni. Ubao usiopungua unene wa vidole viwili. Na kwa barabara ya Natron usiwe peke yako ndani ya gari. Tangu Engaresero nilichukua mwongozaji wa kijiji, ndio utaratibu wao hata hivyo, na sikuona kwamba safari yangu imepungua kitu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye nyayo. Ni za watu kama sisi kabisa, zaidi ya 400, kwenye majivu yaliyokauka kuwa jiwe, umri wake kati ya miaka 5,000 na 19,000. Wenyeji ndio waliozibaini kabla ya wataalamu. Katika kundi moja la watu 17 waliopita pamoja, waliozipima wanasema 14 walikuwa wanawake, huenda wakitafuta chakula. Nilivua kiatu, nikaweka mguu wangu pembeni ya mmoja, siyo juu yake, usije ukathubutu. Tunavaa namba moja.

Mwalimu, kwenye mtihani wa mazoezi niliandika Tanzania haina jangwa nikapewa kosa. Wewe umesema umepita jangwani. Nani yuko sahihi? — Mwanafunzi, Urambo

Wewe. Mimi nilikuwa naongea kwa mdomo wa dereva aliyekaukiwa. Kwa hesabu za darasani jangwa hupata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, na uwanda wa Oldupai hadi Natron huwa juu ya hapo. Ni nusu jangwa, na sababu yake iandike hivi: pepo za kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima ya Ngorongoro, zinapoa, zinamwaga mvua upande wa mashariki ambako msitu unadondosha maji, zikivuka kwenda magharibi zimeshakauka. Kivuli cha mvua. Niliendesha kutoka ukungu uliolowesha kioo hadi vumbi kwa muda usiozidi saa moja na nusu.

Kuna kitu kimoja huko cha jangwani hasa: kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, karibu na Oldupai. Kina urefu wa kama mita 100, kimo kama mita 9, na upepo unakisukuma takriban mita 17 kila mwaka. Wameweka alama zenye miaka kuonyesha kilikuwa wapi. Ni majivu ya volkano yenye chuma kingi. Ukirusha gao la mchanga huo hautawanyiki, chembe zinashikana.

Jangwa kamili la karibu zaidi ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Na huko nako kuna visukuku, mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, mahali paitwapo Koobi Fora. Ng’ambo ya pili ya ziwa, Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikopata mwaka 1984 mifupa ya mvulana wa zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Ukame haukutengeneza mifupa hiyo, ila ndio unaoionyesha. Misitu yetu ya miombo huenda nayo imefunika mambo, lakini nani atayaona chini ya majani yote hayo? Mpelekee mwalimu wako gazeti hili, kwa adabu.

Mwalimu, kijana mmoja njia ya kwenda Karatu aliniuzia jiwe lenye umbo la jino, anasema ni la mnyama wa kale. Nilimpa elfu kumi. Nitajuaje kama ni la kweli? — Dereva wa lori, Nzega

Ndugu yangu, umejiweka pabaya pande zote mbili. Kama ni la bandia umeliwa elfu kumi. Kama ni la kweli umebeba mali ya taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba wala kufanya biashara ya vitu hivyo bila kibali. Lipeleke ofisi ya utamaduni ya wilaya au makumbusho, sema ulikolipata. Na kwa kweli tangu litolewe mahali pake limeshapoteza nusu ya maana: mtaalamu husoma tabaka lilimolala jino kabla hajalisoma jino. Lako sasa limelala kwenye deshibodi ya Fuso.

Mwalimu, nakusoma siku zote, lakini hili la kuunguza petroli toka Tabora hadi huko kutazama mifupa na nyayo za plasta silielewi. Sisi Kigoma tuna ziwa, tuna sokwe, tuna historia yetu Ujiji. Kwa nini vijana mnawatuma mbali? — Mzee wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kukemewa, ila nisikilize kidogo, maana barua yako imetaja sokwe.

Yule binti Jane Goodall aliyeshuka Gombe Julai 1960, unajua alitokea wapi? Miaka mitatu kabla alikuwa Oldupai, anachimba pamoja na akina Leakey. Ni Louis Leakey aliyempeleka kwenu. Hoja yake ilikuwa kwamba mifupa haisemi mwenye nayo aliishije, basi mtu akawatazame sokwe, huenda watatoa fununu. Novemba 1960, hapo Gombe, Jane akamwona sokwe akichomeka ubua wa nyasi ndani ya kichuguu na kutoa mchwa ili ale. Hadi siku hiyo wataalamu walishikilia kwamba kifaa ni cha binadamu peke yake. Na mwezi huo huo, Oldupai, mtoto wa Leakey aitwaye Jonathan alipata taya na vipande vya fuvu ambavyo mwaka 1964 vilipewa jina *Homo habilis*, mtu hodari wa mikono. Kigoma na Oldupai, mwezi mmoja, swali moja. Mimi nililisoma hilo kule korongoni, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimeendesha siku tatu kwenda mbali ili nielewe kilichotokea kwa majirani.

Kwa hiyo mzee, simwambii muuguzi wa Mwanga aiache Gombe. Aanze nayo. Apande boti, awaone sokwe wale na vijiti vyao, kisha ndipo aende akatazame mifupa. Atakuwa na macho tofauti.

Na kuhusu binti kwenda peke yake, ambalo hukuliandika ila nimelisoma kati ya mistari: serikali ya kikoloni ilikataa Jane, msichana wa miaka 26, akae Gombe peke yake. Ikabidi aje na mama yake mzazi, Vanne, wakapiga kambi pamoja ufukweni. Mama alifungua kliniki ndogo ya kuwapa wavuvi dawa, na wavuvi wakawazoea kwa sababu ya mama. Nilimsimulia haya yule mwongozaji wa Engaresero. Akaniuliza, sasa wewe Mwalimu, mama yako yuko wapi? Nikamwonyesha vipande viwili vya kigoda kwenye kiti cha nyuma.

Kigoda kipo kwa seremala. Gari nimelifagia mara nne. Juzi mjukuu wangu alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu akaipitisha chini ya zulia la gari, upande wa dereva, ikatoka na ndevu nyeusi. Ule mchanga, mzee wangu. Uliingia na viatu vyangu, sikuuchota, na dereva wa Nzega asije akaninyooshea kidole. Mjukuu ameutia kwenye kichupa cha dawa ya macho, na swali lake, ambalo toleo lijalo naahidi kulijibu, ni kama mwaka huu kichupa nacho kitahama mita 17.